Naomba ushauri: kuna mbegu ya mpunga inayozuia magugu yenyewe? Nipo Bahi

Mwana_wa_Bubu
Wakuu, habari za jioni. Nalima majaruba ya kukodi huku Bahi, Dodoma, mbegu SARO 5. Dawa ya magugu inanimaliza hela, halafu maji yetu yanateremka bwawani ambako watu wanavua na ng'ombe wanakunywa. Jamaa kaniambia upo mpunga ambao mizizi yake inatoa kitu kinachodumaza magugu. Kweli, au stori za kijiweni? Kama upo, napata wapi mbegu?

jembe_mkononi
Ukiupata nistue mkuu. Nimechoka kumlisha muuza dawa.

Mama Jaruba
Ni kweli, ila usihangaike kuuulizia dukani. Mizizi ya mpunga hutoa kemikali, inayotajwa sana ni momilaktoni B, na kiasi hutofautiana kati ya mbegu na mbegu. Kule Arkansas, Marekani, watafiti wameshughulika miaka mingi na aina iitwayo PI 312777 (jina kama namba ya gari!). Inayabana magugu kuliko mbegu nyingi za kule, lakini lengo lao ni kupunguza dawa, si kuiacha kabisa. Na nguvu yake si kemikali tu: inatoa machipukizi mengi na kufunika ardhi mapema.

Mpunga wa asili wa Afrika nao hufunika ardhi haraka, tatizo unaanguka na kupukutika. Ndiyo maana ulichanganywa na wa Asia zikapatikana mbegu ziitwazo NERICA. Hizo zipo za nchi kavu na za mabondeni, ila hazikurithi ukali wote wa mzazi wao wa Afrika dhidi ya magugu.

Wewe unarusha mbegu au unapandikiza?

Mwana_wa_Bubu
Narusha, dada. Vibarua wa kupandikiza bei juu, na jaruba halijakaa sawa, huku maji huku pakavu.

Mama Jaruba
Basi ugonjwa wako ni huo, mbegu msingizie baadaye. Ukirusha, mpunga na magugu vinaota pamoja. Mche uliotoka kitaluni unakuwa umeshatangulia. Sawazisha jaruba, pandikiza kwa mistari sm 20 kwa 20, miche ikishika weka maji kama sm 5, kisha pitisha kipalizi cha kusukuma kabla majani hayajafungana.

Zamu_ya_Usiku
Dada, maji yenyewe ya zamu. Zamu ikikupita, udongo unapasuka na nyasi zinasherehekea. Mkuu, dawa gani unapiga?

Mwana_wa_Bubu
2,4-D.

Zamu_ya_Usiku
Hiyo ni ya majani mapana, nyasi haizigusi. Unarudia kupiga bure.

Mwana_wa_Bubu
Duh! Basi msimu huu napandikiza jaruba moja nione.

Mama Jaruba
Chagua lililo karibu na mfereji. Na mpunga pori ung'oe kwa mkono kabla haujapukutisha, maana dawa inayoua huo na mpunga wako inaua.