Mamangu yuko Marekani: achomwe chanjo ya mRNA au ya protini?

MwanaLangoni: Assalam alaykum nduzangu. Mamangu, miaka 70 na ana presha, katoka hapa Lamu kwenda kukaa kwa dada. Dada ataka achanjwe korona kabla ya baridi. Duka la dawa lina Pfizer, ya mRNA, na Novavax, ya protini. Mama keshasikia ati mRNA hugeuza maumbile ya mtu, hataki hata itajwe. Nimwambieje?

NesiMstaafu: Waalaykum salaam. Mtoe hofu. mRNA ni maagizo tu ya kuunda protini ya mwiba, ile miiba iliyo juu ya kirusi. Haiingii kwenye kiini cha seli, iliko DNA, yaani hayo maumbile, na mwili huivunja baada ya muda mfupi. Ni kama kumpa fundi wa Matondoni vipimo vya jahazi aliunde mwenyewe. Novavax yakuletea jahazi tayari, yaani protini ya mwiba wa kirusi imeshatengenezwa kiwandani. Na njia hiyo si ngeni: chanjo ya homa ya ini B wanayodungwa watoto wetu ni ya protini vilevile.

Shela_Boy: Si nasikia hiyo Novavax hutengenezwa kwa wadudu?

NesiMstaafu: Seli za kiwavijeshi, ndiyo, jamaa wa hao wanaomaliza mahindi ya watu Mpeketoni. Lakini hakuna anayeponda viwavi! Seli zenyewe hukuzwa kwenye matangi, protini ikatolewa na kusafishwa. Akiona shaka amuulize shekhe wake, mimi fatwa sina.

Malindi_Kwetu: Kichocheo cha Novavax, yaani kiungo cha kuamsha kinga ya mwili, huitwa Matrix-M, na hutoka kwenye magome ya mti wa Chile. Hichohicho kimo kwenye R21, chanjo ya malaria iliyojaribiwa hata hapa kwetu Kilifi. Novavax hukaa friji ya kawaida, nyuzi 2 hadi 8. Pfizer ilipoanza ilitaka baridi ya 70 chini ya sifuri, sisi huku na umeme wetu huu tungeiweka wapi? Sifa ya mRNA ni wepesi: kirusi kikibadilika, nayo hubadilishwa upesi.

MwanaLangoni: Na moyo? Yeye ana presha.

NesiMstaafu: Uvimbe wa misuli ya moyo ni nadra, umeonekana zaidi kwa vijana wa kiume, na umeripotiwa kwa zote mbili. Presha haimzuii. La kuuliza ni kama aliwahi kudhurika vibaya na chanjo au dawa. Mkono kuuma na homa kidogo atarajie. Wengi husema Novavax haiwachoshi sana kama mRNA.

MwanaLangoni: Basi Novavax, maana hiyo ataikubali. Ya mafua aweza kuchomwa siku hiyohiyo?

NesiMstaafu: Aweza, mkono wa pili. Na abebe orodha ya dawa zake.