Naombeni ushauri: wapi nitapata maandishi ya kuaminika kuhusu dansi za London enzi za Prince Regent?

Mwanamwambao (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Nafundisha dansi kwenye kikundi cha maigizo hapa Dar. Igizo letu lina karamu kubwa ya London, enzi zile Mfalme George III alipougua akili na mwanawe akashika madaraka kwa niaba yake. Nataka kujua watu wa tabaka la juu walichezaje: walijipangaje, walishikana wapi, nani alianza. Mtandaoni nakutana na vipande vya filamu tu na kila mtu anasema lake. Mwenye kujua vitabu vya wakati ule anielekeze. Usingizi umenipaa.

Kipanga
Dada, ukose usingizi kwa dansi ya Wazungu? Baikoko ipo Tanga, haihitaji vitabu, inahitaji kiuno.

Mzee Nanga
Nilipokuwa baharia tulitia nanga Mahé, Ushelisheli. Jioni wazee wakatoa fidla, akodiani na pembetatu, wakacheza kontredans. Kuna mtu wanamwita komander, kazi yake kupaza sauti: sogea, zunguka, badilisha mwenzako. Ni dansi ya walowezi wa Kifaransa, na Waingereza waliokabidhiwa visiwa mwaka 1814 hawakuweza kuifuta. Mama mmoja akanivuta nicheze naye, sikujua mguu upi unatangulia. Nenda Mahé, mwanangu.

Mwanamaktaba
Mahé ni mbali, dada. Anza na Library of Congress ya Marekani. Wameweka mtandaoni bure vitabu vya kufundishia dansi zaidi ya mia mbili. Mtafute humo Thomas Wilson, mwalimu wa dansi wa London. Kitabu chake cha 1808 kinachambua dansi za safu mbili, wanaume huku wanawake kule, na michoro inaonyesha kila jozi inapita wapi. Wachapishaji wa muziki nao walitoa kila mwaka vijitabu vya dansi 24: noti juu, chini maelekezo mafupi ya mizunguko. Vingi utavipata kupitia maktaba ya Cecil Sharp House, London, makao ya chama cha dansi na nyimbo za jadi za Uingereza. Ila vijitabu hivyo havisemi miguu inafanya nini. Kwa hatua, msome Francis Peacock wa Aberdeen, 1805.

Lakini umetaja enzi, hujataja mwaka. Karamu yenu ni ya mwaka gani?

Mwanamwambao
Asante sana. Mwaka si tatizo, ni enzi ile ile.

Mwanamaktaba
Ndilo tatizo lenyewe. Enzi ile ni 1811 hadi 1820, na dansi ziligeuka katikati yake. Mwaka gani?

Mwanamwambao
Haya. Ni karamu ya Prince Regent katika jumba la Carlton House, 19 Juni 1811. Ile ya wageni zaidi ya elfu mbili, na kijito chenye samaki hai kikipita juu ya meza. Na niseme yote: wachezaji wameshafundishwa kwadrili (ile ya jozi nne kwenye mraba), walsi (kila jozi imeshikana inazunguka), na dansi moja ya safu niliyoitoa kwenye tamthilia ya BBC ya 1995, Pride and Prejudice. Bango limeshachapwa: "Dansi halisi za 1811".

Mwanamaktaba
Dada yangu. Dansi hiyo ya BBC ilichapwa mwaka 1695, imepitwa zaidi ya karne. Kwadrili, Kapteni Gronow, mwanajeshi wa enzi hizo, anaandika kwamba Lady Jersey, mama mkubwa wa karamu za London, aliileta kutoka Paris mwaka 1815 (kumbukumbu zake zilitoka 1862, mzee anakumbuka ujana, msome kwa tahadhari). Walsi ndiyo mbaya zaidi. Julai 1816 gazeti la The Times lililalamika kwa uchungu kwamba dansi hiyo ya kigeni, isiyo na haya, imechezwa kwenye karamu ya kifalme, na wakasema wanaamini ni mara ya kwanza. Wewe unaicheza nyumbani kwa Prince miaka mitano kabla.

Mwanamwambao
Lakini walsi ilikuwepo Vienna zamani! Na mshairi Byron aliishambulia 1813, maana yake London walishaijua. Vijana wameizoea, na ndiyo sehemu watu watakayopiga makofi. Nani Dar atakuja na gazeti la 1816?

Abu Salma
Usiangalie nani atajua. Mtu ametoa kiingilio chake akaambiwa "halisi". Hiyo ni amana. Futa neno hilo au fuata neno hilo.

Shuhuda
Chai hii. Kikundi gani kinachapa bango kabla ya kujua kitacheza nini? Huyu ni mwanafunzi ana asaimenti, katuletea hadithi ya usingizi ili tumtafutie vyanzo. Weka picha ya bango.

Kipanga
Na mimi nimeshtuka. Samaki juu ya meza?

Mwanamaktaba
Samaki ni kweli. Na kama ni asaimenti, vyanzo ni vile vile.

Mwanamwambao
Siweki bango, lina majina ya wenzangu. Uliza mafundi wanaotushonea magauni yenye kiuno chini ya matiti, kitambaa nimebeba mwenyewe kutoka Kariakoo.

Fundi Zawadi
Achaneni naye. Dada, hayo magauni yana mkia? Kama kuna kuruka, kata pindo lifike kifundo cha mguu, watakanyagana.

Shuhuda
Picha.

Mwanamwambao
Kwadrili naitoa. Ya BBC naitoa, kwa shingo upande. Walsi siitoi.

Mwanamaktaba
Basi ongeza hiki uone kama bado utaihitaji. Katika safu mbili, jozi ya juu, yaani iliyosimama mwanzo wa safu, peke yake ndiyo huanza. Wengine wote wanasimama wakitazama mpaka ile jozi ishuke na kuwafikia. Na mwanamke aliye juu ndiye anayechagua dansi na wimbo. Kwenye igizo lako nani anasimama juu?

Mwanamwambao
Binti ambaye hakualikwa. Wilson anasema hivyo kweli, kwamba yeye ndiye anayechagua? Nipe kitabu kipi nianze nacho, nimpigie mwandishi leo leo.

Mwanamaktaba
Wilson. Sura ya adabu za ukumbini.