"Run out", "look into", "get back to": hivi vijineno vya mwisho vina mantiki au ni kukariri tu?

Mshika Kalamu

Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada wa wanaokijua Kiingereza vizuri.

Kazini mawasiliano yote ni kwa Kiingereza. Ukinipa ripoti yenye "postpone", "investigate" na "tolerate" naimaliza bila kufungua kamusi. Kinachonikwamisha ni ujumbe wa mistari miwili. Huu hapa nimeupokea leo: "We've run out of time. I'll look into it and get back to you. Can you fill in for Peter?" Kila neno humo nalijua tangu shule ya msingi: run ni kukimbia, look ni kutazama, fill ni kujaza. Yakikaa pamoja, maana inanitoroka.

Najua vinaitwa "phrasal verbs". Mimi naviita vitenzi vya mkia. Mtandaoni kuna orodha ndefu za kukariri, nikikariri leo kesho vyote vimepeperuka. Je, hivi vijineno up, off, out vina mantiki yoyote? Halafu kwa nini "turn it off" ni sawa, "turn off it" si sawa, lakini "look after it" ni sawa?

Kibatari

Mkuu, hapo hakuna mantiki, ni kukariri tu. Sikiliza sana wanavyoongea, masikio yatazoea. Ukianza kutafuta kanuni utachanganyikiwa bure.

Bi Sarufi

Mwanangu Kibatari, la kusikiliza sana nakuunga mkono. La kwamba hakuna mantiki nalikataa, maana ndilo linalowakatisha watu tamaa, na nimefundisha watu wazima lugha hii kwa miaka mingi.

Mshika Kalamu, tazama nilivyosema sasa hivi: kukatisha tamaa. Hapo hakuna kisu. Unapiga pasi, unakula kiapo, unakata shauri, unakata kiu, na hujawahi kukaa ukakariri orodha ya "kata". Kila fungu ulilichukua zima, pamoja na sentensi lililokuja nayo. "Give up" nayo ichukue hivyohivyo: ni kitenzi kimoja kilichoandikwa kwa maneno mawili. Sasa hivi jicho lako linasimama kwenye "run" na kuanza kutafsiri kabla halijafika "out of". Lifikishe kwanza mwisho wa fungu. "Run out of" ni kuishiwa: tumeishiwa muda. "Look into" ni kuchunguza. "Get back to you" ni nitakujibu baadaye. "Fill in for Peter" ni kumshikia Peter nafasi kwa muda. Ukiondoa ile "for" ukampa fomu, "fill in" inarudi kuwa kujaza, kwa hiyo mkia usiusome nusu.

Mantiki ipo, ila ni mwelekeo tu, si sheria ya chuma. Up mara nyingi inatia maana ya kumaliza kabisa: "eat" ni kula, "eat up" ni kula mpaka kiishe, vivyo hivyo "use up", "drink up", na "tear up" ni kuchanachana vipandevipande. Down inapunguza: "slow down", "calm down", "cut down". On inaendeleza: "carry on", "read on". Off inatenganisha au kuondoa: "cut off", "take off", na "call off" ni kufuta jambo lililokuwa limepangwa. Vingine havikisiki hata ujitahidi vipi. "Put up with" ni kuvumilia, na hakuna kipande chake kitakachokuonyesha hilo. Hicho kichukue kilivyo, usipoteze usiku kukichambua.

Swali la "it" ndilo ninalolipenda zaidi. Katika "turn off", off imefungamana na kitenzi chenyewe, haishiki jina linalofuata. Kwa hiyo jina lina uhuru: "turn off the light" au "turn the light off", yote sawa. Ila Kiingereza hupenda kuweka mwishoni mwa sentensi jambo jipya au zito. "It" ni kitu ambacho tayari tunakijua, ni chepesi, hakistahili kiti cha mwisho, ndiyo maana lazima kiingie katikati: "turn it off". Jina likiwa refu mno, mkia unatangulia: "Turn off the lights you left on in the meeting room." Ukijaribu kuitupa off mwisho wa hiyo, msomaji ataisubiri mpaka achoke.

Katika "look after" au "look at" mambo ni tofauti. Hapo at na after ni vihusishi, vimeshika kile kinachofuata na havikiachii. Huwezi kusema "look the child after". Na vitenzi vya maneno matatu, kama "run out of" au "put up with", mara nyingi ni hivyohivyo, "it" inakaa nyuma kabisa. Sikiliza pia mkazo. Kwenye "turn it off" sauti inaangukia off. Kwenye "look at it" ile at inapita haraka, karibu imezwe.

Na kwa kuwa unaandika barua pepe: "I look forward to hearing from you", si "to hear". To hiyo ni kihusishi. Kipimo chake ni kujaribu kuweka "it": "I look forward to it" inakubali, basi na kitenzi kikija pale lazima kivae -ing. Naiona sentensi hii ikiharibiwa na watu wenye shahada mbili, na inaniuma kwa sababu kipimo chake ni chepesi hivyo.

Usijione mzito. Mwaka 1755, Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa, aliandika katika dibaji kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowapa wageni taabu kuliko vyote.

Fundi Redio

Naongeza dogo: fomu utasikia "fill in" na utasikia "fill out", ni kitu kilekile. Wamarekani wanapenda zaidi out. Sasa Bi Sarufi, ukisema off ni kutenganisha au kuondoa, mbona "the lights went off" ni taa zimezimika, lakini "the alarm went off" ni kengele imelia? Zinapingana kabisa.

Bi Sarufi

Ahsante kwa kuileta hiyo. Iangalie na "the gun went off", bunduki imefyatuka. Mtego, risasi, kengele, vyote vilikuwa vimeshikiliwa, vikaachiwa. Off hapo ni kuachana na kile kilichokizuia, ndipo kikalipuka au kulia. Taa ziliachana na hali ya kuwaka. Mzizi ni mmoja, kilichoachwa ndicho tofauti. Ukipata kitu chenye mlio au mlipuko, soma "fyatuka".

Mshika Kalamu

Shikamoo Bi Sarufi. Hili la kuishiwa limenikaa. Nimejaribu: "The meeting was put off, so I will pick up it tomorrow." Halafu moja la mwisho, mbona kwenye mfumo wetu kitufe kimeandikwa "Login" neno moja, na maelekezo yanasema "log in" maneno mawili?

Bi Sarufi

Marahaba mwanangu. "Put off", yaani kuahirisha, umeiweka vizuri. Mwishoni andika "pick it up", yaani kuendelea nacho pale kilipoishia, kwa sababu ileile ya "turn it off".

La login: kitenzi ni maneno mawili na sauti inaangukia mkia, jina ni neno moja na sauti inaangukia kichwa. "Please log in" ni ingia. "Your login" ni kitambulisho chako cha kuingilia. Ukiwa na shaka, peleka sentensi wakati uliopita. "I logged in" inakubali, "I logined" haipo, kwa hiyo palipo na tendo acha nafasi katikati. Hivyohivyo "back up" na "backup", "set up" na "setup", "break down" na "breakdown". Tuma sentensi tano ulizopokea wiki hii tuzipitie hapahapa.