Mtangazaji wetu wa asubuhi amenijibu kwa mlio wa mbuzi, Nairobi nzima ikisikiliza

Wanajukwaa, ninaandika mkono ukiwa bado unatetemeka, na chai niliyoimimina saa moja asubuhi ingali mezani imeshika utando. Jina la ninayemlalamikia silitaji, kwa sababu hakuna matatu inayotoka Kayole au Rongai alfajiri bila kicheko chake ndani, na atakayesema hamjui huyo ni mwongo.

Leo alikuwa amemwalika studioni mwakilishi wadi mmoja, akatangaza kwa mbwembwe kwamba laini ziko wazi na mwananchi aulize lolote kuhusu bajeti ya kaunti. Mimi nina swali nililokaa nalo tangu mafuriko ya 2024. Mtaro wa maji ya mvua mbele ya ploti yetu ulichimbwa nusu ukaachwa wazi, watoto wanauruka wakienda shule, na mama mboga ametandika ubao juu yake ili wateja wamfikie. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti maji ya mvua katika maeneo yenye majengo, na makadirio ya bajeti hutakiwa kufika katika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kupita. Nilitaka kumuuliza mheshimiwa jambo moja tu, yaani mtaro wetu umo katika makadirio hayo au haumo.

Nikapiga. Nikasikilizishwa matangazo ya kamari, ya dawa ya nguvu za kiume na ya viwanja vya Kitengela hadi nikaota mvi nikiwa kwenye laini, kisha mtayarishaji akaniambia kwa sauti laini kama ya mchumba anayeomba nauli, "Mzee, utakuwa hewani baada ya huyu, tafadhali zima redio yako isilete mwangwi." Nikaizima. Hapo pa kuzima redio mpashike vizuri, kwa maana ndipo nilipochinjiwa.

Nilianza kwa adabu zote. Nilimsalimu mtangazaji, nikamsalimu mheshimiwa, nikawasalimu wasikilizaji wa kaunti zote 47, na nilipotamka maneno "kwa mujibu wa Kifungu cha 196" yule bwana akabonyeza kitufe chake na mbuzi akalia. Mbuzi! Tena si mlio wa kawaida, bali ule mrefu wa mbuzi aliyetiwa kwenye buti ya gari akaambiwa kwamba safari ni ya Kiamaiko, kule wanakochinjwa mbuzi. Kikafuata kicheko chake, kikafuata kicheko cha mheshimiwa, ukapigwa wimbo. Mimi sikusikia hata kimoja, kwa kuwa nilikuwa nimetii agizo la kuzima redio. Niliendelea kuihutubia simu iliyokwisha kukatwa, nimesimama wima sebuleni, nikifafanua kwamba bunge la kaunti linapaswa kuendesha shughuli zake waziwazi na kuwashirikisha wananchi, huku ploti nzima, tangu chini hadi ghorofa ya tano, ikicheka mbuzi redioni na kunisikia mimi kupitia ukutani.

Nilipotoka kwenda kununua maziwa, mwenye duka, mtu ambaye tumeheshimiana miaka yote, aliniuliza kwa uso mkavu iwapo ninataka ya ng'ombe au ya nyumbani.

Narudia ili ieleweke. Nilikuwa kwenye Kifungu cha 196. Sikumtusi mtu, sikuomba wimbo. Aliyenitangulia, aliyepiga simu kusimulia jinsi mkewe alivyotoroka na fundi wa mabomba, alipewa muda wote aliotaka, akaulizwa maswali, akafarijiwa, na mheshimiwa mwenyewe akatoa maoni ya busara kuhusu mafundi wa mabomba. Nilipofika mimi na mtaro, mbuzi. Nielezeni ninamshtaki wapi mtu huyu, na asitokee mtu wa kuniambia nibadilishe stesheni, kwa sababu redio inayonisumbua ni ya jirani.

Abiria wa Donholm
Pole sana, mzee wangu. Nilikuwa kwenye matatu ulipoingia hewani, na dereva aliongeza sauti akisema kwamba leo amepatikana mtu aliyesoma. Mbuzi alipolia, gari zima lilicheka hadi makanga akasahau kunirudishia chenji yangu ya shilingi 50. Kwa kuwa ni wewe uliyesababisha, ninaidai kwako.

Mama Pacha
Ndugu mlalamishi, ninakuheshimu, lakini niambie ukweli: hizo kaunti 47 ulizisalimu moja baada ya nyingine? Nilikuwa ninapaka viatu rangi ulipoanza salamu, na nilipomaliza jozi ya pili ulikuwa hujauliza kitu. Hata mimi ningekitafuta kitufe.

Mwenye Uzi
Dada, nilizisalimu kwa jumla. Na hata kama ningezitaja kwa majina, je, Turkana inasalimiwa kwa mbuzi?

Karani Mstaafu
Nikiwa mtu niliyefanya kazi katika ofisi za umma, sina budi kusema kwamba swali lilipelekwa kwa mtu asiyehusika. Mwakilishi wadi hachimbi mitaro. Kifungu cha 185 kimempa kazi ya kutunga sheria na kuichunga kamati kuu ya kaunti, na hivyo ulipaswa kumuuliza aliisimamia vipi, kisha swali la mtaro ulipeleke katika kikao cha ushiriki wa umma. Tatizo ni kwamba vikao hivyo hutangazwa kimyakimya. Wenye kuvijua ni walewale wa kila mwaka, nao huketi karibu na meza ya soda. Kuhusu kushtaki, Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 iliunda tume ya kusikiliza malalamiko, kwa hiyo andika barua.

Abiria wa Donholm
Nitakuja kusikiliza kesi hiyo. Mshtakiwa wa pili ataapishwa kwa nyasi?

Msikilizaji wa Kale
Vijana mmeharibikiwa. Enzi za Sauti ya Kenya, redio ya serikali, kabla ya jina la KBC kurejeshwa mwaka 1989, mtangazaji alisoma taarifa akiwa amekaza tai shingoni ijapokuwa hakuna aliyemwona, na hukuwahi kusikia mnyama studioni.

Mama Pacha
Baba, enzi hizo ungepiga simu kuuliza kuhusu mtaro ungejibiwa na Land Rover mlangoni. Mbuzi ni maendeleo.

Mzazi wa Umoja
Mimi huyo bwana nina kesi naye kubwa kuliko ya mtaro. Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zinalinda masikio ya watoto kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku, lakini saa moja na nusu, gari la shule likiwa limejaa watoto wa gredi ya pili, yeye anachambua mambo ya chumbani ya watu. Jana binti yangu aliniuliza mezani, wakwe wakiwepo, iwapo baba naye hutumia ile dawa inayotangazwa kabla ya habari. Mume wangu hajazungumza tangu wakati huo.

Fundi Bomba
Nami ninalalamika. Kila asubuhi fundi wa mabomba ndiye anayetoroka na wake za watu. Je, mafundi wa umeme hawapo Nairobi?

Mshindi Asiyetuzwa
Mnalia kuhusu simu za kukatwa, na mimi nilishinda kabisa? Nilijibu swali la idadi ya wadi za Nairobi, nikasema 85, nikapigiwa vigelegele, nikaambiwa niende nikachukue mwamvuli. Nilipanda magari mawili hadi ofisini kwao, mlinzi akaniambia kwamba anayehusika na zawadi ametoka kidogo. Mvua ilikuwa inanyesha, naye alikuwa ananiambia hivyo akiwa chini ya mwamvuli wenye nembo ya stesheni.

Abiria wa Donholm
Wewe angalau uliuona. Mimi nilishinda sufuria, na hadi leo mke wangu anaamini niliipeleka kwa mwanamke mwingine.

Mwenye Uzi
Wanajukwaa, tafadhali turejee kwenye mada. Nilikuwa kwenye Kifungu cha 196.

Mzazi wa Umoja
Subiri kidogo, mzee, tuelewe kwanza jambo la sufuria. Walikupa namba yoyote ya ushindi, au walitaja jina tu hewani?

Abiria wa Donholm
Walitaja jina, tena vibaya.

Mshindi Asiyetuzwa
Basi ndugu, uliingilia lango lipi? Mimi nilitumia la barabarani, lakini nimesikia kwamba zawadi hutolewa kwa lango la nyuma, kabla ya saa nne, na ukiwa na kitambulisho halisi, kwa maana nakala wanaikataa. Ijumaa nina ruhusa kazini, twende pamoja.