Tangi la matumbawe limekuwa jeupe: ninunue taa ya UV au skima kubwa zaidi?

Chaza: Wakuu, salaam. Tangi langu la maji ya chumvi leo ni siku ya nne, maji kama yameoshewa mchele. Nikisimama mbele, jiwe la nyuma silioni. Hela niliyonayo inatosha kitu kimoja tu: taa ya UV au skima (ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu) kubwa kuliko niliyonayo. Kesho naagiza. Mnanishauri nini?

Kolekole: UV. Mjadala umefungwa. Nilipofunga yangu, siku ya tatu hata kioo sikukiona.

NahodhaMstaafu: Mjadala haujafunguliwa, wewe umeshaufunga? Chaza, tangi lita ngapi? Lina umri gani? Ni weupe mtupu au una ukijani kwa mbali? Amonia umepima? Umemwaga kitu gani wiki hii? Hujatuambia unaumwa wapi, unatuuliza umeze kidonge gani.

Chaza: Niwie radhi mkuu. Lita 200, miezi mitano. Weupe mtupu. Amonia sifuri, chumvi 1.025. Sijamwaga kitu.

PwezaMtulivu: Kabla hujatoa hela, chota maji kwenye glasi, iweke mbele ya kitu cheusi. Yakisafika ndani ya dakika chache, yalikuwa mapovu madogo mno. Tafuta pampu inavuta hewa wapi. Ukikuta asubuhi unga umetua chini, ni vumbi la mchanga au kalsiamu iliyoganda. Yakibaki vilevile, ni bakteria. UV haina habari na vumbi. Inaua kilicho hai kinachopita mbele ya taa, basi.

MamaKlauni: Jamani mbona mkaa amilifu hamuutaji? Mfuko mmoja tu kwenye njia ya maji, kwangu yalisafika ndani ya wiki.

NahodhaMstaafu: Mkaa unaondoa umanjano na harufu, dada. Bakteria wanaoelea haushiki. Mlipuko wao mara nyingi hupita wenyewe kwa siku kadhaa. Kwa wiki nzima hata ungetumbukiza soksi ya mguuni yangesafika.

MamaKlauni: Soksi ya chujio ninayo pia, na nabadilisha kila siku ya tatu. Wewe yako lini mara ya mwisho?

NahodhaMstaafu: Tusihamie kwangu.

Kangaja77: Chaza, acha nikusimulie, maana mimi yalinifika. Nitrati zilikuwa zimenipanda, nikasoma kwamba vodka kidogo kidogo inalisha bakteria wanaozipunguza. Hiyo "kidogo kidogo" ndiyo iliyonishinda. Wiki ya pili nikaona mambo hayaendi, nikazidisha dozi mara nne. Asubuhi maji meupe. Skima ikaanza kufurika, povu likamwagika hadi sakafuni, mke wangu akateleza. Nikaizima ili nyumba iwe na amani. Kosa langu kubwa ni hilo, wala si vodka. Usiku nikasikia maji yanachapwa chapwa, nikawasha tochi: samaki wote wako juu, kwenye mdomo wa bomba la kurudishia maji, wanafunua vinywa kama wanaongea. Bakteria walikuwa wamemaliza oksijeni. Nilipunga maji kwa sahani mpaka kukakucha. Kangaja wangu alikufa saa kumi na moja, klauni wakapona. Ndiyo maana jina langu ni hili.

PwezaMtulivu: Pole sana. Chaza, skima yako inafanya kazi?

Chaza: Nimeizima tangu Jumapili. Ilikuwa inafurika.

NahodhaMstaafu: Jumapili! Na tangu Jumapili ndiyo siku ya nne! Unataka skima kubwa wakati ndogo umeizima? Iwashe sasa hivi, fungua kikombe kimwage kwenye ndoo. Na elekeza pampu moja juu, maji yatikisike.

Chaza: Nimeiwasha. Hivi chakula cha matumbawe cha chupa ni "kitu"? Nilitia vifuniko vitatu. Maelekezo yalisema kimoja.

Kolekole: 😂

PwezaMtulivu: Ni kitu, tena ni karamu. Usilishe siku mbili, badilisha lita 30 au 40 za maji, na usikoroge mchanga.

Kolekole: Bado nasema UV. Angekuwa nayo yasingemfika.

Kangaja77: Yangemfika tu, asingeyaona. Chakula kingebaki majini na skima ingebaki imezimwa.

MamaKlauni: Hiyo UV si itaua hata bakteria wazuri wa amonia?

PwezaMtulivu: Hapana, hao wamejishikiza kwenye mawe na mchanga, hawapiti kwenye taa. Wanaopotea ni wadudu wadogo wanaoelea, na hao ni sehemu ya chakula cha matumbawe. Sababu yangu ya kutoipenda ni hiyo.

Kolekole: Matumbawe yangu yamenenepa, njoo uyaone.

NahodhaMstaafu: Taa uliibadilisha lini? Balbu ya UV huchoka huku bado inawaka.

Kolekole: Inabadilishwa?

Chaza: Glasi ya jana: chini kuna unga kidogo, juu bado kuna weupe. Hiyo ni ipi sasa? Jiwe la nyuma nimeanza kuliona upande mmoja. Halafu kuna jamaa anauza UV iliyotumika, anataka jibu leo.

Tasi: Samahani kuingilia. Yangu ni ya kijani. Nifungue uzi mwingine au tuendelee hapa hapa?