Ni plau lililoleta pamba Usukuma, au ni mbegu?

Kijana wa Kwimba: Wadau, naandika historia ya ukoo wetu. Baba anasema pamba tulikuwa nayo tangu enzi za Mjerumani, lakini haikumwezekea mtu nyumba ya bati mpaka plau la ng'ombe lilipoenea miaka ya 1950. Ni kweli?

Jirani wa Ukiriguru: Mbegu usiiache. Jasidi, mdudu mdogo wa pamba, alikuwa anafyonza majani mpaka yanakauka. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Ukiriguru wakatoa pamba yenye majani ya vinyweleo, mdudu akashindwa. Halafu ushirika: mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation, muungano wa vyama vya wakulima wa pamba, Paul Bomani akiwa kinara wake.

Bibi wa Misungwi: Ng'wanone, baba yako kasema kweli, ila kasema nusu. Mwaka 1962 baba yangu aliuza ng'ombe wawili akanunua plau. Nilikuwa na miaka tisa, mimi ndiye niliyetangulia na kamba mbele ya maksai, kaka anapiga mjeledi, baba kashika mikono ya plau. Kabla ya hapo watu walialikana, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Hiyo ngoma ya bugobogobo mnayoiona leo kwenye sherehe ilikuwa kazi kabisa. Tulilima ekari mbili. Msimu ule wa plau tukafika saba.

Sasa waulize wazee: zile saba nani alizipalilia? Plau lilipasua ardhi tu. Palizi ilibaki ya jembe la mkono, na jembe hilo lilikuwa la mama. Alipalilia mara tatu, mdogo wetu mgongoni. Kuchuma ni vidole vyetu, na usiku tunatenga pamba safi na fifi, ile chafu, kwa kibatari, maana fifi ikichanganyika, karani anashusha bei ya gunia zima. Bati la nyumba yetu lilitoka kwenye pamba ile, nakubali. Lakini jina kwenye kitabu cha chama lilikuwa la baba peke yake, na hilo linaniuma hadi leo. Mwandike na bibi yako.

Plau lenu bado lipo? Letu liliuzwa chuma chakavu.

Kijana wa Kwimba: Shikamoo bibi, wabeja sana. Lipo nyuma ya zizi, mkono mmoja umevunjika. Jumamosi nakwenda kuliingiza ndani. Na bibi yetu yu hai, nitaanza na yeye.

Bibi wa Misungwi: Marahaba. Muulize habari za palizi ya pili, ile ya mwezi wa kwanza.