Tunauza faiba ya majumbani Goba, spidi ipo ila wateja hawaji, nisaidieni mawazo

Mvuta Waya
Wakuu habari za jioni. Mimi na mwenzangu tumeanzisha kampuni ndogo ya kuunganisha intaneti ya faiba majumbani huku Goba, Dar, leseni ya mamlaka ya mawasiliano TCRA tunayo, waya tumeshavuta mitaa minne, kifurushi cha chini 20 Mbps elfu 55 kwa mwezi, kufungiwa laki moja. Toka Januari wateja 41 tu na 9 wameshakata. Vipeperushi tumegawa, Instagram tumelipia, bango tumeweka barabarani INTANETI YENYE KASI 20 Mbps, na wanaopiga simu wengi wako Mbagala na Kigamboni ambako hatufiki kabisa. Mtaji ni mkopo na kuna vijana wanne wanakula hapa. Nakosea wapi?

mama_wawili
Kaka, mimi hapo kwenye Mbps ushanipoteza. Najua bando. Watoto wakirudi shule katuni YouTube, bando la wiki linaisha Jumanne. Ungeniandikia "elfu 55 nyumba nzima mwezi mzima hakuna kujiunga bando" ningepiga simu siku hiyo hiyo.

Kisimbuzi
Namuunga mkono dada. Halafu hiyo 20 inagombanisha watu, mteja anashusha muvi anaona 2.5 MB kwa sekunde anasema kaibiwa, kumbe ndo yenyewe, Mbps ni megabiti na MB ni megabaiti, baiti moja ni biti nane, kwa hiyo 20 gawanya kwa 8. Mweleze siku ya kufunga akiwa anaona kwenye simu yake.

fundi_ngazi
Mkuu mi nafunga hizi vitu mwaka wa sita, nakuuliza hao 9 umewafuata? Juzi nimeitwa kwa mzee mmoja analalamika intaneti mbovu, nakuta ruta imewekwa juu ya kabati chumba cha mwisho kwa sababu ndo waya ulipoingilia, kuna kuta tatu za tofali mpaka sebuleni, na TV imeshika ile waifai ya masafa ya 5 GHz ambayo ukutani haipenyi vizuri. Nimevuta waya mita kumi na mbili nikaleta ruta sebuleni, mpira ukaacha kuganda hapo hapo, mzee akamwita jirani aje aone. Hilo ndo tangazo.

Mvuta Waya
Fundi umenigusa. Tumewapigia wawili tu, wote walisema "inazunguka zunguka", sisi tukapima kwenye boksi la nje tukaona spidi iko sawa tukaondoka. Ndani hatukuingia.

Jirani Mwema
Na mkiwa na tatizo semeni. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mtandao nchini ulisumbua kweli, kampuni niliyokuwa nalipia haikutuma hata meseji moja, nikahama. Kukatika kwa kebo nilielewa, nilichoshindwa kuvumilia ni kupiga simu siku mbili haipokelewi.

Mama Salon Goba
Nifungieni mimi saluni kwa nusu bei muweke namba yenu ukutani. Mteja wa kusuka anakaa masaa manne anatumia waifai yangu, akitoka hapo anaulizia mwenyewe.

Kisimbuzi
Mkuu acha Instagram ya Dar nzima. Chukua mtaa mmoja. Boksi la kwenye nguzo lina matundu nane na wewe umeunganisha nyumba mbili, hela ya waya na nguzo ushaitoa, sita zipo tupu zinakula hasara. Nenda serikali ya mtaa ujitambulishe, omba kuingia kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, ile laki ya kufunga igawe miezi minne maana inakimbiza watu, na anayemleta jirani mpe wiki mbili bure. Wapangaji usiwasahau, ila ongea kwanza na mwenye nyumba kuhusu kutoboa ukuta.

Mvuta Waya
Nimewaelewa wote. Kesho asubuhi naenda na fundi kwa wale 9, nyumba moja moja, tunaanzia sebuleni. Dada wa saluni nimekutumia ujumbe, Jumamosi tunakuja na waya. Bango nalishusha leo.